Mizinga 44 na maji ya pima mbili: kwa nini Tripoli iliisumbua Marekani miaka minne

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Tanga ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba mwaka 1801 Marekani ilipeleka manowari zake bora Bahari ya Mediterania kupigana na Tripoli, mji uliokuwa na majahazi machache tu. Nyingine zilikuwa na mizinga 44. Vipi vita hivyo vikachukua miaka minne? Na vipi meli kubwa kama Philadelphia ikatekwa yote na watu wake bila hata mtu mmoja kufa? Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, naye anasema jibu ni maji tu, hakuna kingine. Ni kweli? Na je, manowari za Marekani za zama hizo ziliwahi kufika kwetu?"

Salaam, mwalimu, na mzee umfikishie shikamoo yangu. Mzee amepatia. Ningemwongezea upepo, na kidogo siasa, lakini ukiniambia nichague sababu moja tu, nitachagua hiyohiyo yake.

Tuanze na ugomvi wenyewe, kwa ufupi. Tripoli, Tunis na Algiers, miji ya pwani ya Afrika Kaskazini, zilikuwa chini ya Sultani wa Uthmani kwa jina, ila kila mji ulijiendeshea mambo yake, na sehemu ya pato lao ilitoka baharini. Meli ya taifa lisilo na mkataba nao ilikamatwa, shehena ikauzwa, mabaharia wakafanywa watumwa mpaka wakombolewe. Mataifa makubwa ya Ulaya yalilipa ili yaachwe yapite, na yalilipa bila haya, kwa sababu wafanyabiashara wao walifaidi kuona washindani wasiolipa wakikamatwa. Wamarekani walipokuwa koloni walipita kwa kivuli cha bendera ya Uingereza. Walipojitenga, kivuli kikaondoka. Algiers ilikamata meli zao mbili mwaka 1785, na mwaka 1793 ikakamata 11 kwa mpigo.

Hapo ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya tarehe 27 Machi 1794 ya kuunda manowari sita. Huku zikiundwa, serikali ililipa: mkataba wa amani na Algiers wa mwaka 1795 uligharimu zaidi ya dola laki sita, pamoja na ahadi ya kupeleka vifaa vya meli kila mwaka. Yusuf Karamanli, Pasha wa Tripoli, alitazama jirani yake alivyopata akaona yeye amepunjwa. Akataka dola 225,000 papo hapo na 25,000 kila mwaka. Hakupewa. Tarehe 14 Mei 1801 watu wake wakaukata mlingoti wa bendera wa ubalozi mdogo wa Marekani, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale ya kutangaza vita.

Sasa meli. Hizo sita zilikuwa za aina iitwayo firigeti, yaani manowari ya milingoti mitatu na matanga ya mraba, iliyopanga mizinga yake mikubwa kwenye sitaha moja ndefu. Mbunifu wake, Joshua Humphreys wa Philadelphia, alijua nchi yake haina fedha za kushindana na Uingereza kwa wingi wa meli. Basi akaamua kila moja iwe na nguvu kuliko firigeti yoyote ya Ulaya, na iwe na mbio za kuikimbia manowari yoyote iliyo kubwa kuliko yenyewe. Constitution, iliyoshushwa majini Boston mwezi Oktoba 1797, ilikuwa na urefu wa futi 175 kwenye usawa wa maji, mizinga mikubwa 30 ya kurusha matufe ya ratili 24 mbali na ile midogo, na mabaharia zaidi ya 400. Mataruma yake, yaani mbavu za meli, yalikuwa ya mwaloni wa pwani ya Georgia, ule usiopukutisha majani, mti mgumu na mzito ajabu. Wakataji waliopelekwa huko kutoka kaskazini walianguka kwa homa mmoja baada ya mwingine, na kazi ya msituni ikawaangukia kwa sehemu kubwa watu weusi waliokuwa watumwa. Taifa lililokuwa likienda vitani kwa hasira ya kuona raia wake wakitiwa utumwani Afrika lilijenga meli zake kwa mikono hiyo. Sijaona kiongozi wao wa wakati ule aliyelisema hilo kwa sauti.

Lakini soma tena maelezo ya Humphreys, mwalimu. Hiyo ni meli ya kukutana na Mwingereza au Mfaransa kwenye maji makuu. Ikijaa maji ya kunywa, vyakula, baruti na matufe, Constitution ilizama futi 22 hivi, karibu pima nne. Majahazi ya Tripoli yalikuwa na matumbo mafupi, tanga la pembetatu ambalo mzee analijua kwa viganja vyake, na makasia ya kutumia upepo ukikatika. Yalitembea yakiugusa ufukwe. Mlango wa bandari yenyewe una safu ya miamba inayotoka mjini kuelekea kaskazini-mashariki, na nyuma ya miamba hiyo mashua za mizinga zilitulia salama. Manowari ya futi 22 iliweza kusimama nje na kutazama.

Halafu upepo. Meli ya matanga ya mraba haiwezi kuukabili upepo kwa karibu kama jahazi. Ikibidi kwenda mbisho, yaani kuupanda upepo kwa kupinda huku na huku, hupoteza muda na nafasi nyingi kila inapogeuka. Pwani ya Tripoli inatazama kaskazini, na dhoruba za majira ya baridi zinatoka upande huohuo, kwa hiyo nahodha aliyeukaribia mji wakati wa dhoruba alikuwa akisukumwa nchi kavu huku hana nafasi ya kubisha atoke. Kwetu kusi na kaskazi zina miadi, unapanga safari kwa kalenda. Kule upepo unaweza kuhama kona tatu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana kikosi cha kuuzingira mji kiliondoka kila hali ya hewa ilipochafuka, na kila kilipoondoka majahazi ya ngano yaliingia. Ongeza kwamba maji ya kunywa na mikate vilitoka Malta, Sisilia au Gibraltar, na kwamba mabaharia wa kikosi cha kwanza waliandikishwa kwa mwaka mmoja tu. Wakifika, wakiizoea bahari, muda umekwisha, warudi kwao.

Angalia pambano la kwanza la maana lilivyokuwa. Komodoro Richard Dale alikuja mwaka 1801 na firigeti tatu, President, Philadelphia na Essex, pamoja na skuna moja ndogo ya mizinga 12 iitwayo Enterprise. Tarehe 1 Agosti, Enterprise ilikuwa imetumwa Malta kuchota maji, kazi ya kitumishi kabisa. Njiani ikakutana na meli ya mizinga 14 iliyoitwa Tripoli. Luteni Andrew Sterett akapandisha bendera ya Uingereza, akamuuliza yule nahodha anatafuta nini. Akajibiwa kwamba anawawinda Wamarekani. Sterett akashusha bendera ile, akapandisha ya kwake. Baada ya saa tatu meli ya Tripoli ilikuwa na watu 30 waliokufa na 30 waliojeruhiwa kati ya 80. Upande wa Enterprise hakuna aliyeguswa. Na kwa kuwa Rais Jefferson hakuwa bado na idhini ya Bunge ya kuteka meli, Sterett aliitupa mizinga ya adui baharini, akaikata milingoti, akamwachia tanga moja kuukuu arudi nalo nyumbani. Pasha alimpandisha nahodha huyo punda, akamzungusha mjini, kisha akamchapa fimbo 500 za nyayo.

Ushindi huo ulikuwa wa meli ndogo kuliko zote. Dale aliliona, na waliomfuata wakaliona. Bunge lilielewa Februari 1803 lilipotoa fedha za meli nne zisizozidi mizinga 16 kila moja: Argus, Siren, Vixen na Nautilus. Katikati hapo palipita mwaka mzima wa Komodoro Richard Morris, aliyesafiri na mkewe, akakaa zaidi bandarini kuliko baharini, na mwishowe akafukuzwa kazi. Huyo tumpite.

Tuje kwa Philadelphia, maana hapo ndipo neno la mzee linapothibitika barabara. Oktoba 1803 kamanda mpya, Edward Preble, alikuwa bado na shughuli upande wa Morocco, akawa amemtanguliza Kapteni William Bainbridge kuizingira Tripoli kwa Philadelphia, firigeti ya mizinga 36, na skuna Vixen. Bainbridge akaipeleka Vixen mbali kutafuta jahazi la adui aliloambiwa limetoka. Akabaki peke yake na meli kubwa kwenye pwani ya maji mafupi. Hilo ndilo kosa lake; yaliyofuata ni matokeo tu.

Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba aliona chombo kinakimbilia mjini kikiambaa ufukwe. Akakifukuza. Watu wa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, walikuwa wakipima muda wote na maji yalikuwa yanatosha. Karibu na saa sita mchana, akiona hatakipata, akaamuru usukani ugeuzwe kuelekea bahari kuu. Katika kugeuka huko, kwa mwendo wa kasi, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ikapanda mwamba ambao haukuwamo kwenye ramani yake. Walipotia bildi kuizunguka meli walikuta futi 12 mbele, na meli yenyewe ilihitaji zaidi ya futi 18.

Kwetu nahodha aliyepanda fungu huvuta subira. Maji yatajaa, ikiwa ni bamvua, yatajaa futi 12 au zaidi, na chombo kitaelea chenyewe. Mediterania haina hayo. Maji hupanda na kushuka kiasi ambacho pale Tanga usingekitambua. Bainbridge hakuwa na cha kusubiri. Alijaribu kuyageuza matanga yarudishe meli nyuma, haikutikisika. Akazikata nanga za mbele. Akatupa mizinga baharini, akabakiza michache. Akamwaga maji ya kunywa. Mwishowe akaukata mlingoti wa mbele. Meli ikalala upande mmoja tu, na mashua za Tripoli zikaja zikajipanga upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, pale ambapo mizinga iliyobaki haikuweza kuelekezwa. Firigeti nzima ilikuwa inapigwa na mashua, nayo haina jibu. Kabla ya jua kuzama Bainbridge akashusha bendera, baada ya kuamuru meli itobolewe na baruti ilowanishwe. Watu 307 wakatekwa. Kama Vixen ingekuwapo ingeweza kuwazuia washambuliaji, na pengine kuivuta meli.

Kisha kilichomuumiza zaidi: siku mbili baadaye upepo ukageuka, ukasukuma maji kuelekea pwani, na watu wa Tripoli wakaiondoa meli mwambani wakaingia nayo bandarini. Mizinga iliyotupwa waliiopoa, kwa kuwa ilikuwa kwenye maji mafupi.

Kutoka kifungoni Bainbridge alimwandikia Preble barua zilizopitia kwa balozi mdogo wa Denmark. Kati ya mistari ya wino wa kawaida aliandika kwa maji ya ndimu, yasiyosomeka mpaka karatasi ipashwe moto, akashauri meli ichomwe palepale ilipofungwa. Preble alikuwa na jahazi dogo lililotekwa kutoka kwa Tripoli, lenye umbo ambalo hakuna mlinzi wa pale angelishuku. Akaliita Intrepid, akampa Luteni Stephen Decatur na watu 70 na ushei waliojitolea.

Usiku wa tarehe 16 Februari 1804 liliingia taratibu kwa upepo mwanana, watu wengi wamelala chini sitahani, wachache wamevaa kama mabaharia wa pwani ile. Rubani wao, Msisilia aitwaye Salvatore Catalano, akawapigia kelele walinzi wa Philadelphia: tumetoka Malta, dhoruba imetuchukulia nanga, turuhusuni tufunge kamba kwenu hadi asubuhi. Wakaruhusiwa. Walinzi wenyewe walisaidia kushika kamba. Vyombo vilipokaribia kugusana ndipo mmoja akagundua, akapiga yowe kwamba ni Wamarekani, lakini walikwisha kuruka. Walipigana kwa panga tu ili bunduki zisiuamshe mji. Kwa muda wa dakika 20 hivi walikuwa wameimwagia moto kila sehemu na kurudi chomboni, bila kufiwa na mtu. Mizinga ya Philadelphia ilikuwa imeshindiliwa tayari, na moto ulipoifikia ikaanza kufyatuka yenyewe, mingine ikielekea mjini. Kazi ambayo firigeti tano zisingeiweza ilifanywa na jahazi la kubebea shehena.

Kiangazi hicho Preble alikuwa na kila kitu isipokuwa vyombo vya kuingilia. Akaenda kwa Mfalme wa Naples, akaazima mashua sita za mizinga na mbili za kurushia makombora. Zilikuwa bapa chini, nzito, haziendi na tanga ila kwa shida, ikabidi zikokotwe kuvuka bahari. Tarehe 3 Agosti zikaingia kupigana ana kwa ana na mashua za Tripoli na kuteka tatu. Nduguye Decatur, James, aliuawa siku hiyo kwa risasi ya nahodha aliyekwisha kusalimu amri. Constitution yenyewe ilikuja karibu mno na ngome na kila ilipopita mizinga ya ukutani ilinyamaza. Tatizo ni kwamba meli ya matanga haisimami. Ilibidi igeuke iende zake, na mara ikigeuka wapiga mizinga wa ngomeni walitoka walikojificha wakaanza upya. Preble alirudia shambulio mara kadhaa hadi mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 4 Septemba Intrepid, sasa imejazwa baruti ili ilipukie katikati ya bandari, ililipuka kabla ya kufika, ikamuua Richard Somers na wenzake 12. Majira yakabadilika, mashua za kuazima haziwezi bahari ya vuli, na kazi ikaishia hapo.

Vita vilimalizwa kwingine. William Eaton, aliyewahi kuwa balozi mdogo Tunis, alimchukua Hamet, kaka wa Pasha aliyenyang'anywa kiti, wakavuka jangwa kutoka Misri na kundi la watu wa kila asili, askari wa majini wa Marekani wakiwa wanane tu. Tarehe 27 Aprili 1805 waliuteka mji wa Derna, wakisaidiwa kutoka baharini na Argus, Hornet na Nautilus. Unaona majina: hakuna firigeti hata moja, kwa sababu zilizoweza kuusogelea ufukwe ni hizo. Yusuf akahofia kiti chake, akakubali amani mwezi Juni: hakuna kodi ya mwaka, ila dola 60,000 kuwakomboa mateka. Hamet aliachwa solemba. Ukiniuliza nani alishinda, nitasema Marekani ilipata bei nzuri.

Nisikuache na picha kwamba firigeti zilikuwa kazi bure, maana Jefferson aliliangukia kosa hilohilo. Aliona mashua ndogo zimefaa Tripoli, akajenga zaidi ya 150 kulinda pwani za Marekani, na Waingereza walipokuja mwaka 1812 hazikufua dafu. Wakati huohuo Constitution, kwenye maji makuu ambayo Humphreys alikuwa ameyafikiria, ilizishinda firigeti mbili za Uingereza katika miezi mitano. Na Decatur aliporudi Mediterania mwaka 1815 kupambana na Algiers, aliikuta Meshuda, manowari kuu ya Algiers, nje ya pwani ya Hispania. Maji yalikuwa marefu, adui hana pa kujificha. Siku ileile, 17 Juni, Meshuda ilitekwa na amiri wake, Hamidu, akauawa. Kabla ya wiki tatu kupita mkataba ulikuwa umesainiwa. Mzee atasema ni maji tena.

Swali lako la mwisho: ndiyo, zilifika. Constitution ilitia nanga Zanzibar mwaka 1844 katika safari yake ya kuizunguka dunia, na bado inaelea Boston hadi leo. Kabla yake alikuja Peacock, manowari ndogo zaidi. Mwaka 1833 ilimpeleka Edmund Roberts kusaini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1835 ikarudi na mkataba ulioidhinishwa. Ilipita Zanzibar, na Septemba, ikielekea Muscat, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia walifanya kama wale wa Philadelphia: wakatupa mizinga baharini kuipunguzia meli uzito, huku majahazi ya waporaji yakiizunguka. Hii ilinasuka, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na bahari ile ina maji kujaa na kupwa. Roberts alikuwa ameshatangulia kwa mashua hadi Muscat, na Sayyid Said akatuma chombo kwenda kuisaidia. Baadaye watu wake waliiopoa ile mizinga kutoka chini ya bahari, naye akairudisha kwa Wamarekani bila kudai malipo.